Kufumba Msimbo kwa Mkono: Historia ya Programu Zilizoandikwa Zisisomeke

Kagerankanda, mahali mkoani Kigoma, ni jina la herufi 12. Kompyuta ikilisoma katika lugha ya C huanza kuhesabu kwenye sifuri: K ni 0, a ni 1, g ni 2, mpaka a ya mwisho iliyo kwenye nafasi ya 11. Ukiiagiza ianzie nafasi ya 7, itaruka "Kageran" na kuchapa "kanda". Mwanaprogramu anayemjali msomaji wake ataandika agizo hilo hivi:

puts("Kagerankanda" + 7);

Mwingine, mwenye nia ya kumfanya msomaji akune kichwa, ataandika hivi:

puts(&('k'-'d')["Kagerankanda"]);

Mistari yote miwili ni halali na matokeo yake ni yaleyale. Mstari wa pili umejengwa kwa mambo matatu ambayo kila mwanafunzi wa C huyasoma, lakini wengi huyapita haraka. La kwanza, herufi kwa kompyuta ni namba: k ni 107, d ni 100, na ukitoa unabaki na 7. La pili, kutafuta herufi ya 7 ya neno ni kujumlisha anwani ya neno hilo na 7. Na kwa kuwa kujumlisha hakujali kipi kimetangulia, C inakubali namba ikae nje na neno liingie ndani ya mabano. La tatu, alama ya & inaomba anwani ya herufi badala ya herufi yenyewe, na puts ikishapewa anwani huchapa kuanzia hapo hadi neno liishe.

Mwandishi wa mstari huo hajadanganya popote. Amefuata kanuni zote, amewapa mashine na binadamu maandishi yaleyale, lakini mashine imeelewa mara moja na binadamu amekwama. Kufanya hivyo kwa makusudi, kwa mkono, na kwa ustadi wa kuwastaajabisha wajuzi, ni ufundi wenye historia yake. Mizizi yake ni mirefu kuliko umri wa kompyuta, na mmojawapo umepita katika pwani yetu. Wengi huuona kama mchezo wa watu wasio na kazi. Mimi nauona kama shule: anayeweza kuificha maana bila kuvunja kanuni hata moja ndiye aliyezijua kanuni hizo kikamilifu, na ndiye atakayemtambua mwizi anapozitumia.

Fumbo kabla ya mashine

Waswahili walikuwa na mchezo wa kuvuruga maandishi ya wazi kabla umeme haujafika Unguja wala Mombasa. Katika kinyume, silabi ya mwisho ya neno huhamishiwa mwanzo: kesho huwa shoke, nyumba huwa mbanyu, chakula huwa lachaku. Edward Steere, askofu wa Kianglikana aliyeishi Unguja na kuchapisha hadithi na sarufi ya Kiswahili katika karne ya 19, alikutana na usemi huo na kuutaja. Kanuni yake ni moja tu na mtoto anaweza kuijua kwa siku moja, lakini asiyeijua atasikia kelele tupu. Wataalamu wa kompyuta wangekiita kinyume mgeuzo wa kimakanika: ukishaijua kanuni, unarudi ulikotoka bila kupoteza hata herufi.

Fumbo la mshairi ni kazi nzito zaidi, maana halina kanuni moja ya kulifungulia. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyezaliwa mnamo 1776 na kufariki mnamo 1840, alitunga katika zama za Mazrui, wakati mji wake ulipokuwa ukivutana na Lamu na baadaye na watawala wa Oman. Tungo zake nyingi zina sura mbili. Ya nje ni habari ya mapenzi, chombo au mnyama. Ya ndani ni siasa ya siku hiyo, ikiwafikia waliokusudiwa. Tungo hizo zilitunzwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, zikachapwa kama diwani mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu cha kuzichambua.

Desturi hiyo haikufa. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa aliyefungwa kwa sababu ya waraka wa kisiasa ulioitwa Kenya: Twendapi?, alitunga gerezani kati ya 1969 na 1972 mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Moja kati ya hayo linamhusu mamba mtoni. Asomaye juujuu hupata habari za mnyama katili; asomaye kwa makini humwona mtawala. Kanga nayo imekuwa ikibeba maneno ya mafumbo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mke huivaa mbele ya jirani, na jirani huondoka na ujumbe wake bila mtu kufungua kinywa.

Mkoa wa Kigoma una mtu wake katika historia hii. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria kabla ya kufariki mwaka 1964. Mwaka 1954 alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichoweka wazi kanuni ambazo washairi walikuwa wakizibeba vichwani: vina, mizani, vituo. Shairi alilolifundisha lina mishororo minne kwa ubeti, na kila mshororo una mizani 16 iliyogawanywa nane kwa nane. Ndani ya mizani 64 mshairi hana ruhusa ya kupitiliza hata silabi moja, na humo humo anatakiwa aseme jambo, alipambe, na akitaka alifumbe. Waandaaji wa mashindano ya msimbo uliofumbwa nao waliweka ukomo wa aina hiyo, wakihesabu baiti badala ya mizani, na kwa sababu ileile: ukomo ndio unaomtenganisha fundi na mropokaji.

C inazaliwa, Tanzania inafunga mlango

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa kazi za mishahara na hesabu. Miaka michache baadaye, kule Bell Labs nchini Marekani, Dennis Ritchie alikuwa akiitengeneza lugha ya C. Mwaka 1972 ilikuwa imeshapata umbo lake, na mwaka uliofuata mfumo wa Unix uliandikwa upya kwa lugha hiyo. C ilikuwa fupi, yenye alama chache, na ilimwamini mwandishi wake kupita kiasi. Haikumuuliza kwa nini anajumlisha herufi na namba, wala kwa nini anaweka kazi tano kwenye mstari mmoja. Uhuru huo ndio ulioifanya iwe nzuri kwa kujengea mifumo, na ndio ulioifungulia mlango sanaa ya kufumba.

Mwaka huo wa 1972, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Don Woods na James Lyon, walitunga INTERCAL, lugha iliyokusudiwa isifanane na lugha nyingine yoyote. Ndani yake mwandishi hulazimika kuiomba kompyuta kwa adabu. Akipunguza neno la kuomba, kompaila, yaani programu inayoukusanya msimbo na kuugeuza maagizo ya mashine, huikataa kazi yake kwa kukosa heshima. Akilizidisha, huikataa kwa kujipendekeza. Hapo palizaliwa wazo kwamba lugha ya kompyuta inaweza kutungwa kwa ajili ya kumsumbua akili mtumiaji wake na si kwa kazi.

Tanzania haikuwepo kwenye mazungumzo hayo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, baada ya mifumo ya mwanzo kuleta hasara na vurugu za hesabu. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa miaka ya 1980 na kuondoka kabisa miaka ya 1990. Kwa hiyo kizazi kizima ambacho kingekuwa cha kwanza kuichezea C nchini hakikuigusa. Haya hayasemwi kwa kulaumu. Serikali ilikuwa na sababu zake. Ila yanaeleza kwa nini majina mengi katika sehemu inayofuata ni ya mbali.

Mwaka 1984

Landon Curt Noll na Larry Bassel walikuwa wakifanya kazi katika kampuni ya National Semiconductor. Noll alikuwa na sifa tayari: mwaka 1978, akiwa kijana wa miaka 18, yeye na Laura Nickel waligundua namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana wakati huo. Machi 1984 Noll na Bassel walikuwa wakirekebisha makosa katika programu za Unix. Mmoja alikuwa ndani ya programu ya kupokea amri iliyotungwa na Steve Bourne, ambaye kwa mapenzi yake kwa lugha ya ALGOL alikuwa ameigeuza C isifanane tena na C. Mwingine alikuwa akipambana na programu ndogo ya kuonyesha habari za watumiaji. Walipolinganisha mateso yao wakajiuliza: ikiwa watu wanaojitahidi kuandika vizuri wanatoa vitu kama hivi, mtu akikusudia kuandika vibaya atafika wapi?

Wakatangaza shindano. Lilikuja kuitwa Shindano la Kimataifa la Msimbo wa C Uliofumbwa, likijulikana kwa herufi IOCCC, na malengo yake yalikuwa ya dhati: kuonyesha thamani ya mtindo mzuri kwa kuweka kinyume chake hadharani, kuzijaribu kompaila kwa msimbo usio wa kawaida, na kufichua pembe za C ambazo wengi hawazijui.

Mwaka huohuo wa kwanza, Sjoerd Mullender na Robbert van Renesse walipeleka kutoka Uholanzi programu ambayo haikuwa na agizo hata moja la C. Mahali ambapo kila programu huwa na kazi kuu, wao waliweka orodha ya namba tupu. Namba hizo, zikisomwa na kichakato, zilikuwa maagizo ya moja kwa moja ya mashine, na waliyapanga yafanye kazi kwenye aina mbili tofauti za kompyuta, PDP-11 na VAX-11. Waamuzi waliwapa ushindi, kisha wakabadilisha kanuni ili programu zinazotegemea mashine maalumu zisipokelewe tena. Kubadilisha kanuni baada ya mshindi kuikunja kukawa mila ya shindano hilo.

Mabingwa na kazi zao

Mwaka 1987 David Korn wa Bell Labs alipeleka programu ya mstari mmoja inayochapa neno unix. Inastahili kutazamwa kwa karibu, maana imejengwa kwa vitu vilevile tulivyovitumia kwenye Kagerankanda. Ukiisoma haraka unadhani inachapa thamani ya kitu kinachoitwa unix. Kumbe kompaila za zama hizo zililipa neno hilo thamani ya 1. Kwa hiyo alipoandika unix["have"], alikuwa akiomba herufi ya nafasi ya 1 katika "have", yaani a, ambayo ni 97. Kisha akatoa 0x60, ambayo ni 96. Inabaki 1. Akaijumlisha na neno "fun", na neno likaanza kusomwa kwenye herufi ya pili: "un". Upande wa pili wa agizo aliweka maandishi yanayorukwa herufi ya kwanza kwa mbinu hiyohiyo, yakabaki %six. Macho ya binadamu husoma hapo neno la Kiingereza la namba 6. Kompyuta husoma %s, ambayo ni nafasi ya kuweka neno, ikifuatiwa na "ix". Weka "un" kwenye nafasi hiyo na unix imetimia. Neno unix kwenye msimbo halihusiani kabisa na neno unix linalotokea kwenye kioo.

Brian Westley alikwenda njia nyingine. Mwaka 1988 alichora duara kwa alama za vistari kwenye maandishi ya programu yake. Programu ikiendeshwa, hupima eneo la duara hilo na upana wake, kisha huchapa thamani ya pai, 3.141. Ukitaka tarakimu nyingi zaidi, chora duara kubwa zaidi. Miaka miwili baadaye alileta programu inayosomeka kama barua za wapenzi wawili wanaolaumiana, na ambayo ikiendeshwa hucheza ule mchezo wa kung'oa petali za ua ukiuliza kama unapendwa.

Mwaka 1994 Szymon Rusinkiewicz alipeleka faili tupu, lenye baiti sifuri, akidai ni programu fupi kuliko zote inayojichapa yenyewe. Ukilikusanya kwa maelekezo yake linapatikana faili linaloendeshwa, nalo halichapi chochote, yaani linachapa msimbo wake kamili. Waamuzi wakampa tuzo ya matumizi mabaya kabisa ya kanuni, na tangu hapo programu ya sifuri haipokelewi. Mwaka 1998 Carl Banks alileta programu ya kuigiza urushaji wa ndege, na msimbo wenyewe akaupanga kwa umbo la ndege. Mwaka 2012 Yusuke Endoh wa Japani alionyesha mwigo wa mtiririko wa maji kwa herufi tupu. Ukiilisha programu maandishi yake yenyewe, msimbo wote unayeyuka na kumwagika chini ya kioo.

Mtu akiuliza faida ya haya yote, jibu moja ni Fabrice Bellard. Mfaransa huyu alishinda kwa kompaila ya C iliyobanwa hadi ikawa ndogo kupita kiasi, lakini yenye uwezo wa kujikusanya yenyewe. Aliifumbua, akaipanua, ikawa TCC, kompaila halisi inayotumika hadi leo. Bellard huyohuyo ndiye aliyeanzisha FFmpeg, programu iliyo nyuma ya sehemu kubwa ya video zinazozunguka duniani, na QEMU, inayotumika kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta. Larry Wall, aliyeshinda mara mbili miaka ya 1986 na 1987, ndiye aliyeitunga lugha ya Perl. Mwaka 2013 Adrian Cable alibana kompyuta nzima ya kizamani ya aina ya PC ndani ya baiti 4,043 za msimbo. Hawa si watu waliokosa kazi. Kucheza na mipaka ya C kulikuwa sehemu ya umahiri wao.

Kutoka kwenye lugha ya C mchezo ukatapakaa. Jarida la wapenzi wa Perl liliendesha mashindano yake kuanzia 1996 hadi 2000. Urban Müller wa Uswisi alitunga mwaka 1993 lugha ya alama nane tu. Ben Olmstead alitoa Malbolge mwaka 1998, lugha ngumu kiasi kwamba miaka miwili ilipita kabla programu ya kwanza haijapatikana; na hata hiyo ilitafutwa na kompyuta, kwa programu iliyoandikwa na Andrew Cooke. Mwaka 2003 Edwin Brady na Chris Morris wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walitoa lugha inayoandikwa kwa nafasi tupu, hatua za kichupo na mistari mipya. Ukichapa programu yake kwenye karatasi, karatasi inatoka nyeupe.

Pale fumbo linapogeuka hila

Mwaka uleule wa 1984 IOCCC ilipoanza, Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alichapisha hotuba yake ya Tuzo ya Turing, hotuba iliyowashtua wenzake. Alieleza jinsi kompaila inavyoweza kuwekewa mlango wa siri ambao hauonekani kwenye msimbo wake wowote, kwa sababu kompaila hiyo huupandikiza tena kila inapojikusanya. Ukikagua kila mstari hutaona kitu. Kwa hotuba ile swali la kufumba likaingia kwenye usalama.

Mwaka 2005 Scott Craver wa Chuo Kikuu cha Binghamton alianzisha shindano lililogeuza IOCCC juu chini. Msimbo uliofumbwa unaonekana una hatia kumbe hauna. Yeye alitaka msimbo unaoonekana hauna hatia kumbe unayo: mistari safi, iliyopangwa, yenye maelezo, inayopita mbele ya mkaguzi huku ikifanya ubaya. Hapo ndipo somo kubwa la historia hii lilipo, na sisi Watanzania tunalijua bila kufundishwa. Matapeli wa simu hawatumii mafumbo. Ujumbe wao ni sentensi ya kawaida kabisa inayokuambia ile hela uitume kwenye namba hii. Nguvu yake ni ukawaida wake. Humpata mtu ambaye kweli alikuwa karibu kutuma hela.

Wenye biashara nao wakaingia. Programu za simu, zikiwemo za benki na za fedha kwa simu ambazo Kenya ilizianza kwa M-Pesa mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kwa kawaida hupitishwa kwenye mashine za kufumba zinazofuta majina yenye maana na kuweka a, b, c. Virusi vya kompyuta vilijifunza kujibadilisha sura mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kufumba huku kwa mashine hakuna sanaa. Ni kinyume tu kilichorudiwa mara elfu.

Wanahisabati wakauliza kama fumbo kamili linawezekana. Mwaka 2001 Boaz Barak na wenzake walithibitisha kwamba haiwezekani kuwa na njia moja ya kufumba programu zote kiasi kwamba msimbo usifichue chochote zaidi ya matokeo yake. Mwaka 2013 kundi lingine likapendekeza ufumbaji wa kiwango cha chini kidogo, na mwaka 2020 Aayush Jain, Huijia Lin na Amit Sahai wakaujenga juu ya misingi ambayo wataalamu wanaiamini. Bado ni wa polepole mno kwa matumizi ya kila siku, lakini mlango umefunguka.

Tukio la Machi 2024 liliwarudisha wote kwenye kazi ya mkono. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili kujipatia imani ya wanaotunza XZ, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye kompyuta nyingi za Linux. Kisha akaingiza mlango wa siri. Hakuuweka wazi kwenye msimbo. Aliuficha ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio, na akaandika maagizo yaliyofumbwa ya kuyachomoa wakati programu inajengwa. Aliyeugundua mlango huo ni Andres Freund, mhandisi aliyeona kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kama nusu sekunde, akakataa kupuuza. Angeipuuza nusu sekunde hiyo, mlango ungeenea duniani. Baada ya kuona dalili alilazimika kuvua fumbo kwa mkono, tabaka baada ya tabaka. Kazi hiyo ndiyo washiriki wa IOCCC hufanya kwa kujifurahisha.

Nyanda za juu za Kigoma zina nini cha kupata

Vijijini Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, umeme wa gridi umeanza kufika miaka ya karibuni, na simu ya kupangusa imefika kabla yake. Watu wa ukanda huu wameishi kati ya lugha nyingi. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo na baadaye kupokea Warundi, Kiswahili cha Kongo kinakutana na Kibembe, Kifuliiru na Kirundi kila siku. Kijana aliyekulia hapo anajua kuwa sentensi moja inaweza kuwa wazi kwa huyu na fumbo kwa yule aliyesimama naye. Ujuzi huo ni mtaji.

Msimbo uliofumbwa ni tawi la kompyuta lisilodai fedha nyingi. Halihitaji kichakato cha kisasa wala ghala la data. Programu ya Termux kwenye simu ya Android inapokea kompaila ya C bila malipo. Intaneti inahitajika siku ya kupakua tu, kisha kijana anaweza kuandika akiwa nje ya mtandao. Kazi za mabingwa hazizidi kurasa chache, na zimewekwa wazi pamoja na maelezo ya waamuzi. Fumbo la Korn linaingia kwenye ujumbe mmoja wa simu, na kulifumbua kunafundisha anwani za kumbukumbu, thamani za herufi na namba za msingi wa 16 kuliko mihadhara mingi.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi afundishwe kwanza kuandika vizuri. Nakubaliana nao, na waandaaji wa IOCCC wamesema hivyo tangu 1984. Lakini Kaluta Amri Abedi hakuwafundisha watu vina na mizani ili wasicheze navyo. Aliwafundisha ili wacheze kwa kujua. Methali inasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Katika msimbo inabidi tuongeze kwamba mwerevu huligangua kwa sababu alikwisha kulifunga mwenyewe. Mkaguzi asiyewahi kuandika mstari wa hila ataupita wa mwenzake akidhani ni wa kawaida.

Tanzania imeonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuingia kwenye kompyuta kwa heshima. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeweka wazi adhabu kwa wanaoingilia mifumo ya wenzao, kwa hiyo mpaka kati ya mchezo na jinai unajulikana na unaweza kufundishwa darasani bila woga. Kinachokosekana ni uwanja. Tuna mashindano ya mashairi, ya uandishi wa insha na ya hisabati. La msimbo uliofumbwa kwa Kiswahili sijaliona.

Basi nawaomba walimu wa sekondari na wa vyuo vya Kasulu na Kibondo wasisubiri maabara kamili. Chukueni mstari wa Kagerankanda ulioko juu ya makala hii, wapeni wanafunzi bila maelezo, na waulizeni utachapa nini kabla ya kuuendesha. Wiki inayofuata kila mmoja alete wake, unaotumia jina la kijiji chake, usiozidi baiti 64, unaokubaliwa na kompaila bila kosa lolote. Wa kumshinda mwalimu apewe daftari. Na kila aliyefumba awajibike kuandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili fasaha akieleza mstari wake unafanya nini na kwa kanuni ipi, kwa sababu fumbo ambalo mtungaji wake hawezi kulieleza halina alama.